Mhariri, viboksi vya Kijapani sio virusi, na ile "Changâ€™ombe" yenu ni ugonjwa wa ukoo huohuo

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Dodoma. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina kasteshenari kangu hapa Chang'ombe, tunatoa kopi, tunaprinti, tunawajazia watu fomu mtandaoni, na siku hizi kazi kubwa imekuwa kuwafungulia watu kurasa za magari ya Japani. Ndo mana makala yenu ya kuagiza gari mwenyewe bila dalali niliisoma yote mpaka mwisho. Imeandikwa vizuri sikatai, ila kuna sehemu mmesema mnunuzi asome kwa makini maelezo ya Kijapani ya gari analolitaka, akishindwa atumie programu ya kutafsiri, mkaishia hapo, kama vile kila kompyuta ya mtaani ikifungua ukurasa wa Kijapani inaonyesha Kijapani. Haionyeshi jamani. Na isipoonyesha hasara sio kwamba unakosa kusoma tu, unasoma vingine kabisa, na mimi nina ushahidi maana aibu yenyewe nilikula mimi.

Alikuja mzee mmoja kutoka Mpunguzi, mkulima wa zabibu, kauza msimu umekaa vizuri anataka Noah ya kubebea familia na siku nyingine abiria. Kaingia, "mbukwa", nikaitika, kaja na mpwa wake ambaye ana linki ya gari kwenye WhatsApp lakini simu imezima chaji, wakanipa nifungue kwenye mashine. Nikafungua kwenye ile ya pembeni ambayo kijana mmoja aliniwekea Linux (mfumo wa kompyuta badala ya Windows) iwe nyepesi, kwakweli ni nyepesi sina ugomvi nayo. Picha za gari zikaja safi, Noah nyeupe inang'aa. Maandishi sasa. Mwaka umeandikwa □□20□. Kilomita 9.8□km. Bei 45□□. Chini yake mistari mitatu mizima ya viboksi vitupu.

Mimi kwa kujiamini nikamwambia mzee, hii ni ya mwaka 2020, hiyo 20 unaiona. Na kilomita ni 9.8, maana yake imetoka kiwandani ikaenda sheli ikarudi. Mpwa akashangilia. Kwenye bei ndo tukabishana, 45 ya nini, mpwa akasema itakuwa milioni 45 za kwetu washabadilisha kabisa, mimi nikasema haiwezekani Mjapani akuandikie shilingi, mzee yeye kanyamaza anaangalia tu skrini, baadae akauliza swali moja, "sasa hivi vijumba vitupu havina watu ndani?"

Swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Watu walikuwemo, ni sisi tulikuwa hatuwaoni.

Bahati nzuri kuna kijana wa mtaani kwetu kasoma Kijapani chuoni, kaja kutoa kopi ya cheti, akachungulia akacheka, akafungua linki ileile kwenye simu yake na kwenye simu maandishi yakaja yote kamili. Akatusomea. Ile □□20□ ni 平成20年, inasomwa Heisei 20. Wajapani pamoja na kalenda yetu hii wana hesabu yao ya miaka inayofuata mfalme, Heisei ilianza Januari 1989 kwa hiyo ukikuta Heisei ngapi unajumlisha 1988, ishirini na 1988 ni 2008. Gari ya 2008 Mhariri, sio 2020. (Ya sasa hivi inaitwa Reiwa, imeanza tarehe 1 Mei 2019, hiyo unajumlisha 2018.) Ile 9.8□km ni 9.8万km, hiyo alama 万 inasomwa man na maana yake ni elfu kumi, kwa hiyo kilomita 98,000. Na 45□□ ni 45万円, yaani yeni laki nne na nusu, kabla ya meli na ushuru. Halafu kwenye ile mistari mitatu mwishoni kulikuwa na maneno 修復歴あり, kijana akasema shuufukureki ari, maana yake gari ina historia ya kurekebishwa, na kule neno hilo hawalitumii kwa mkwaruzo wa mlango, ni chesisi, ni mifupa ya gari. Mzee akasema asante, akaomba risiti ya karatasi nyingine ya shamba niliyomprintia, wakaondoka. Noah ile hawakuichukua.

Sasa kwa nini namba zilibaki na maneno yakapotea? Hapa ndo penye hatari ambayo makala yenu haikuigusa. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu, kila herufi imepewa namba yake. Herufi zetu a mpaka z na tarakimu 0 mpaka 9 zilipewa namba na Wamarekani tangu miaka ya 60 kwenye mpango unaoitwa ASCII, na karibu kila mpango uliofuata ukaziacha palepale, karibu kila fonti duniani (fonti ni seti ya michoro ya herufi) inazo. Kwa hiyo ukurasa wa Kijapani ukiharibika, tarakimu zinasalimika, kinachokufa ni kanji, zile herufi za Kijapani kama 万 na 年. Na kanji ndo iliyobeba mwaka wa nani, elfu au laki, yeni au dola. Ungeharibika wote usingedanganyika, ungefunga ukaondoka. Unaharibika nusu, unabaki na namba haina mwenyewe, na wewe binadamu unaipa mwenyewe unayemtaka.

Baada ya siku ile nilikaa na yule kijana jioni tatu nne akanielewesha, na mimi nikaenda kuchimba, nikagundua kwamba tunachokiita "Kijapani hakionekani" ni magonjwa mawili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani, watu wanayachanganya ndo mana hawaponi.

La kwanza ndo hilo la viboksi. Hapo ukurasa ni mzima, namba za herufi zimefika zote, tatizo mashine yako haina fonti yenye michoro ya hizo herufi, inachora kijumba kitupu kushika nafasi. Mafundi wa kompyuta wanaviita tofu, kile chakula cheupe cha soya cha kule kinachokatwa vipande vya pembe nne, ukikiona utakubali. Kuna fonti za bure za Google zinaitwa Noto, jina limetokana na "no tofu", na ile ya Kichina, Kijapani na Kikorea walitengeneza pamoja na Adobe wakaitoa 2014. Sasa dawa kwenye mashine yangu ilikuwa mstari mmoja tu, sudo apt install fonts-noto-cjk, nikafunga brauza nikafungua upya, Kijapani kikaja chote. Bando kidogo basi. Na kabla sijajua hilo kuna fundi alishaniambia ile mashine ina virusi nilete elfu ishirini afanye fomati! Angefomati angerudisha Linux ileile na viboksi vilevile.

Kwenye Windows 10 kuendelea fonti za kawaida za Kijapani zinakuja na Windows yenyewe, kwa hiyo ukiona viboksi kwenye Windows 10 jiulize ni Windows gani hiyo umewekewa, maana mtaani zimejaa zile za kupunguzwa, mtu kafuta fonti na madude mengine ili iingie kwenye diski ndogo. Zamani enzi za XP ndo ilikuwa kasheshe, ile ya Kiingereza haikuwa na Kijapani mpaka uingie kwenye mipangilio ya lugha utiki sehemu ya lugha za Asia Mashariki halafu uchomeke CD, na CD nani alikuwa nayo. Simu za Android za miaka hii nyingi zina fonti tayari, ndo mana simu ya kijana ilisoma na mashine yangu ya mezani ikashindwa, watu wakadhani simu ina akili kuliko kompyuta.

Na kwenye ugonjwa huu wa viboksi kuna siri moja tamu, nimeitumia mara nyingi nikiwa kwenye mashine ya mtu siruhusiwi kuweka kitu: kopi hivyo viboksi kama vilivyo, pesti kwenye programu ya kutafsiri, au jitumie WhatsApp ufungulie kwenye simu. Vitatoka Kijapani kamili. Kwa sababu watu wamo ndani ya vijumba, ni macho yako tu.

Ugonjwa wa pili huo ukikopi unakopi uchafu. Huu hauleti viboksi, unaleta takataka, ile Heisei 20 ya mzee ukiipata kwa ugonjwa huu inatokea hivi: •½¬20”N. Tazama, 20 ipo palepale haijaguswa! Hapa fonti hazina kosa, tatizo brauza imetumia kitabu kisicho chenyewe kusomea namba. Wajapani wenyewe wana jina la jambo hili, mojibake, moji ni herufi, na bake limetokana na neno la kugeuka umbo kama jini au mzimu anavyogeuka, kama zile hadithi za mtu kugeuka fisi ambazo sisi huku tumekuzwa nazo. Ukiona taifa limetunga neno lake kwa tatizo ujue wameteseka nalo.

Na waliteseka kweli. Mwaka 1978 walipanga orodha yao rasmi ya JIS yenye kanji zaidi ya 6,300 na kila moja ikapewa namba yake, orodha nzuri kabisa, lakini baiti moja, kile kipande kidogo ambacho kompyuta inahifadhia namba, inabeba namba 256 tu, kwa hiyo kila kanji ikahitaji baiti mbili, na kwenye namna ya kuzipakia hizo baiti mbili hawakukubaliana. Barua pepe zikatumia ISO-2022-JP. Kompyuta za watu wa kawaida, zile za maofisini na majumbani, zikatumia Shift_JIS. Mashine kubwa za Unix zikatumia EUC-JP. Orodha ileile moja, mapakio matatu. Ni sawa na mzigo wa zabibu uleule, mmoja kapima kwa kreti, mwingine kwa ndoo, mwingine kilo, halafu wote wameandika tu "30" kwenye karatasi. Neno Japani lenyewe, 日本, ukilipakia kwa Shift_JIS halafu brauza ikalisoma kwa kitabu cha Wazungu linatoka “ú–{ na hapo mteja anasema ukurasa umehakiwa.

Ikaja Unicode mwaka 1991 kuzipa herufi za dunia nzima orodha moja, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni mpakio wake unaoitwa UTF-8, ambao leo ndo umetapakaa karibu mtandao wote. Kanji nyingi ndani ya UTF-8 zinakula baiti tatu badala ya mbili, Wajapani wengine walinung'unikia hilo, lakini faida yake kila mtu anasoma. Ila kurasa za zamani hazijafa. Wauza magari wadogo wa kule wengine wana kurasa za miaka ishirini iliyopita bado zinadunda na Shift_JIS yake, na kama ukurasa haujajitaja wenyewe ni mpakio gani, brauza inabahatisha.

Mtumiaji afanyeje? Chrome kile kimenyu cha kuchagua enkodingi, yaani huo mpakio, kwa mkono walishakitoa siku nyingi, inakisia yenyewe na ikikosea umekosa. Mimi kwenye mashine zote nina Firefox kwa ajili hiyo, ukibonyeza Alt inakuja menyu ya juu, ingia View, kuna Repair Text Encoding, bonyeza mara moja inapiga hesabu upya na mara nyingi inapatia. Ikiwa imefifia haibonyezeki basi brauza ina uhakika na ilichosoma, ugonjwa uko kwingine. Ukiona alama za kuuliza kwenye almasi nyeusi usikate tamaa, jaribu hiyohiyo, kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi ukurasa, maandishi yanaweza kuwa mazima. Lakini ukiona alama za kuuliza za kawaida tupu ????? zimejipanga foleni, hapo mara nyingi mtu alishahifadhi vibaya huko nyuma na herufi zimekufa zikazikwa, hata ungekuwa na fonti za dunia nzima hazirudi, mwandikie muuzaji akutumie upya.

Ile karatasi ya mnada yenyewe, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari yenye mchoro wa gari na alama kama A1 (mkwaruzo) na U2 (bonyeo), kwa kawaida huwa ni picha iliyopigwa, hiyo haigeuki herufi, inakuja kama ilivyo na mwandiko wa mkono wa mkaguzi ambao mara nyingi hata programu ya kutafsiri inashindwa. Kwa hiyo watu wanaona karatasi imekuja safi wanadhani na ukurasa uko safi. Kwa PDF nako kuna mtego wake, kama aliyetengeneza hakuifungia fonti ndani, kisomeo chako kitaomba kipakue fonti za Asia, kubali, usibonyeze ghairi kama ninavyoona watoto wangu wa kazi wanafanya kila siku.

Kuna jambo la tatu dogo, nalitaja kwa ajili ya vijana wanaosoma Kijapani maana wale wa magari haliwahusu. Unicode iliunganisha kanji za Kijapani na za Kichina, herufi moja namba moja, hata pale ambapo nchi hizi mbili zinaichora tofauti kidogo. 直 ni mfano, na 骨. Brauza isipojua ukurasa ni wa lugha gani inaweza kukuchorea kwa mkono wa Kichina, mwanafunzi anakariri mchoro, kwenye mtihani mwalimu anamkosoa na yeye anaapa aliuona kwenye simu. Anayetengeneza ukurasa aandike lang="ja" mwanzoni, kazi imeisha.

Sasa Mhariri nije kwenu, maana mnaweza kusema haya ni ya Wajapani na gari zao, tuachane nayo. (Ingawa gari zenyewe kila asubuhi zinatuongelesha Kijapani zikidai kadi, watu tumeshazoea, kumbe ni kadi ya kulipia barabara za kule.) Makala yenu ileile ya magari niliisoma gazetini kwanza, imeandikwa Chang'ombe vizuri. Jioni nikaifungua kwenye wavuti yenu nimtumie shemeji, nikakuta Changâ€™ombe. Na ng'ombe imekuwa ngâ€™ombe. Huo ni mojibake kamili, hauna tofauti hata chembe na ule ugonjwa wa pili wa takataka za Kijapani.

Kwa nini? Kiswahili chetu chote kiko ndani ya ile ASCII ya Wamarekani, a mpaka z, hatuna doti wala kofia juu ya herufi, kwa hiyo huwa hatuharibikiwi, ndo mana hatujajifunza. Isipokuwa kwenye ng'. Ukiandika na ile alama iliyonyooka, hiyo ipo ASCII, haifi. Lakini programu ya kuandikia inapenda kuikunja kiurembo ’ na hiyo iliyokunjwa haipo ASCII, kwenye UTF-8 ni baiti tatu kama kanji tu, seva yenu ikisema ukurasa ni wa kitabu kingine zinatoka baiti moja moja: â, halafu €, halafu ™. Mwandishi mmoja kaandika kwa simu imenyooka ikatoka salama, mwingine kaandika ofisini ikakunjwa ikaharibika, mnadhani ni bahati. Shemeji yangu anakaa Ng'hong'onha, nendeni mkaone wavuti yenu imemfanya nini huyo, alama mbili kwenye jina moja, imebaki kama namba ya siri ya benki.

Fundi wenu aangalie vitu vitatu viseme lugha moja. Faili lihifadhiwe UTF-8, juu kabisa ya ukurasa pawe na meta charset="utf-8" ndani ya baiti 1,024 za mwanzo, akiitupa chini huko brauza inaweza isimsubiri, na seva nayo itangaze UTF-8 hivyohivyo maana seva ikitangaza kingine brauza inaisikiliza seva inaacha ukurasa. Kama makala zinakaa kwenye MySQL (programu ya kuhifadhi data) achague utf8mb4, asidanganywe na ile iliyoandikwa utf8 tupu, hiyo inabeba baiti tatu tu kwa herufi na kuna kanji adimu pamoja na emoji zinazotaka nne. Hizo zilizokwisha kuharibika ndani ya hifadhi atalazimika kuzirekebisha kwa mkono au kwa programu ndogo, kubadilisha seva hakutazifufua.

Na ile makala ya magari mkiirudia, naomba muongeze sentensi moja tu, kwamba ukiona namba pembeni ya kiboksi usiisome peke yake. Mzee bado anatafuta Noah, wiki hii kaja tena, safari hii kabla sijasema mwaka akaniuliza kwanza kama vijumba vina watu.

Anwani yangu nimeiandika hapo chini kwa ile alama iliyokunjwa, makusudi. Mkiichapisha barua hii kwenye wavuti nitaifungua asubuhi kabla hata sijafagia duka.

Mwenye steshenari,
Chang’ombe, Dodoma